Simu moja, wanafunzi 58: ninavyofundishia kwa WhatsApp na Facebook huku Mtama

Nianze na aibu yangu. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, niliunda grupu la WhatsApp la wazazi, nikaliita Historia Popote Ulipo, nikapiga picha kurasa kumi na nne za notsi zangu na kuzituma moja baada ya nyingine. Nikalala najiona mwalimu wa kisasa. Asubuhi nikakuta "Amina", nikakuta "Ahsante Madam", nikakuta picha ya kikombe cha chai chenye mawaridi kimeandikwa Asubuhi Njema, tangazo la mikopo, na baba mmoja anauliza nani ana mbegu ya ufuta. Kuhusu notsi, kimya. Siku ya tatu mama mmoja akanipigia: "Mwalimu, samahani, hayo mapicha yako yamemaliza bando langu na yenyewe hayajafunguka."

Nafundisha Historia na Kiswahili kwenye shule ya kata upande wa Mtama, mkoani Lindi, kando ya barabara iendayo Masasi. Wanafunzi wangu ni watoto wa wakulima wa korosho, ufuta na mbaazi. Simu shuleni hawaruhusiwi kuja nayo, na wengi hata nyumbani hawana ya kwao. Kwa hiyo maelekezo yale yanayoanza na "waambie wanafunzi wafungue akaunti" kwetu huku yanakufa kwenye sentensi ya kwanza. Haya ninayoandika ndiyo yaliyobaki mkononi baada ya kukosea sana. Kama shule yako ina chumba cha kompyuta na intaneti isiyokatika, hongera, unaweza kuishia hapa. Naongea na mwenzangu mwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka.

Hesabu simu kwanza

Usisimame mbele ya darasa ukauliza, "Nani kwao kuna simu janja, anyooshe mkono." Wenye nayo watanyoosha kwa madaha, wasio nayo watanyoosha kwa aibu, na wewe utatoka na hesabu ya uongo. Mimi nagawa vikaratasi. Kila mtoto anaandika mambo manne: simu iliyopo nyumbani ni ya nani, ni kitochi au janja, inakuwa nyumbani saa ngapi, na nani pale nyumbani anajua kusoma. Hilo la mwisho usiliruke. Nina mwanafunzi anayelelewa na bibi yake. Simu ipo, tena nzuri, mjomba aliileta kutoka Dar, lakini bibi hasomi. Ujumbe wa maandishi kwake ni sawa na kumtumia barua ya Kichina.

Mwaka huu vikaratasi vimeniambia hivi: kati ya watoto 58, nyumba zenye simu janja ni 21, zenye kitochi tu ni 29, na 8 hazina simu kabisa. Nimeziandika kwenye kaunta buku, safu tatu, na kila mmoja kati ya wale wanane nimemwekea jina la mwenzake wa kitongoji kimoja mwenye simu kwao. Jioni anapita pale, anasikiliza, anarudi kwao. Wao wenyewe wanaita "kwenda chajini," maana mara nyingi jirani huyo ndiye mwenye sola ya kuchajia pia.

Hesabu hiyo irudie Oktoba. Msimu wa korosho ukianza, wazazi wengi wanahamia mashambani na simu inaondoka nao, mtoto anabaki na wadogo zake na sufuria. Mwaka wa kwanza sikujua. Nikawa natuma maswali ya marudio ya mtihani kwa watu walioko porini wanaokota korosho, halafu nawalaumu watoto kwamba hawajibu.

Mkuu wa shule na wazazi

Hapa nitapita haraka, si kwa sababu ni jambo dogo, bali kwa sababu halina ujanja. Mweleze mkuu wa shule unachotaka kufanya, mwandikie ukurasa mmoja, akusainie. Kwenye kikao cha wazazi waeleze na wao, na wasaini kwamba wameridhia namba zao zitumike kwa masomo. Tangu tuwe na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, namba ya mtu si kitu cha kuzungusha unavyotaka, hata kama nia yako ni somo la Majimaji na si mikopo. Karatasi hizo zitunze. Siku atakapokuja baba mkali kuuliza nani alikupa namba ya mkewe, utamwonyesha saini yake mwenyewe.

Na tafuta laini ya pili. Mimi nina laini ya nyumbani na laini ya shule, na ya shule nimeiwekea WhatsApp Business, ambayo haina malipo na inaruhusu kuweka jibu la kujituma lenyewe. Langu linasema: "Hapa ni Madam wa Historia. Najibu Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi jioni hadi saa mbili usiku. Kama kuna dharura ya mtoto, mpigie mwalimu wa zamu." Kabla ya hapo nilishawahi kuamshwa saa saba usiku na mzazi anayetaka kujua kama kesho wanakuja na majembe.

Kwa nini niliacha grupu

Lile grupu la Korona halikuuawa na vikombe vya chai. Liliuawa na kitu kingine. Kwenye grupu, kila mmoja anaona namba ya kila mmoja. Kuna baba aliyeingiza kwenye grupu namba ya simu ya binti yake badala ya namba yake yeye, ili binti "asome vizuri". Baada ya wiki mbili binti akaja kwangu, hasemi, anazungusha zungusha ukosi wa shati. Mwanamume mzima, mzazi wa mtoto mwingine, alikuwa ameichukua namba yake humo na anamtumia meseji za usiku. Tulilipeleka panapohusika na likafanyiwa kazi. Lakini mlango ule nilikuwa nimeufungua mimi, kwa mkono wangu, kwa jina la elimu.

Tangu siku ile natumia orodha ya kutuma kwa wengi (broadcast), ile ambayo unaandika ujumbe mmoja na kila mtu anaupokea peke yake kama umemtumia yeye. Fungua WhatsApp, bonyeza vidoti vitatu vya juu kulia, utaikuta pale karibu na sehemu ya kuunda grupu. Orodha moja inabeba hadi watu 256, kwa hiyo madarasa yako manne yanaingia bila kubanana. Hakuna anayeona namba ya mwenzake, hakuna Asubuhi Njema, na mzazi akijibu, jibu linakuja kwako tu.

Ila ina sharti moja ambalo limewakatisha tamaa walimu wengi niliowaelekeza: asiyekuwa amesevu namba yako, ujumbe haumfikii. Na huambiwi. Unatuma, unaona umetuma, kumbe nusu ya watu hawajapata kitu. Dawa yake ni ya miguu, si ya kiteknolojia. Kwenye kikao cha wazazi naandika namba ubaoni, halafu napita benchi kwa benchi. "Mama Somoe, hebu tuone. Andika hapa: Madam Historia. Bonyeza sevu. Haya, nitumie neno moja." Akituma "neno moja", kama alivyofanya baba mmoja kweli, tunacheka, nami najua limekubali. Wazazi sitini, saa moja na nusu. Hiyo ndiyo saa yenye faida kuliko zote kwenye mpango mzima.

Kama bado unataka grupu, basi weka mpangilio kwamba admini tu ndiye anayeandika, na namba zinazoingia ziwe za wazazi, kamwe si za watoto. Mimi siwezi tena.

Voisi ya dakika mbili

Picha ya ukurasa inakula bando, haisomeki kwenye kioo kidogo, na bibi hawezi kuisoma. Video ndiyo usiseme. Voisi ya dakika mbili haifiki hata MB moja. Inafunguka hata pale mtandao unapokuwa umebaki kistari kimoja, na inasikilizwa na nyumba nzima. Maneno magumu ya Kiingereza ya kitabuni nayaandika ubaoni mchana. Voisi ya jioni ni Kiswahili, maana mtu wa pili anayeisikiliza pale jikoni ni mama.

Narekodi kwenye stoo ya vitabu, mlango nimefunga, kwa sababu nje kuna kuku wa mlinzi. Kwanza naandika mistari sita kwenye karatasi. Bila karatasi utazunguka, utasema "kwa hiyo" mara kumi na tano, na dakika mbili zitakuwa saba. Mpangilio wangu haubadiliki: nabisha hodi, nataja darasa na mada, naeleza jambo moja, nauliza swali moja, nasema siku ya kuleta jibu. Jambo moja tu. Ukitia mawili, la kwanza linasahaulika kabla jiko halijazimwa.

Natuma saa kumi na mbili na nusu jioni. Simu imerudi kutoka shambani, giza linaingia, watu wamekaa. Ukituma saa nne asubuhi, baba ataisikiliza akiwa juu ya mkorosho, atasema "haya", na itaishia hapo.

Wenye vitochi wanapata meseji ya kawaida, na hapo kuna nidhamu ya aina yake: ujumbe mmoja una herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ukizidisha unalipia meseji mbili. Mfano wangu wa juzi ni huu:

"Muulize mzee: amesikia nini kuhusu mjusi wa Tendaguru? Alisikia kwa nani? Andika sentensi 3, njoo nazo Jumatano. Madam Historia."

Hesabu utakuta zimebaki nafasi kadhaa. Ukijizoeza kuandika hivyo, hata maswali yako ya ubaoni yatakuwa mafupi.

Somo la mjusi, hatua kwa hatua

Nimelitaja hilo somo, acha nilieleze lote, kwa sababu ndilo lililonionyesha kwamba mtandao unaweza kufanya kitu ambacho ubao hauwezi.

Mada ilikuwa vyanzo vya historia, Kidato cha Kwanza: masimulizi, maandishi, mabaki ya kale. Mada kavu kweli ukiifundisha kwa kitabu. Lakini sisi tuko Lindi. Kilima cha Tendaguru kiko kama kilomita 60 hivi kaskazini magharibi ya Lindi mjini, na pale ndipo Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, kuanzia 1909 hadi 1913. Mifupa ilibebwa na watu, vichwani na mabegani, hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Leo mmoja wao amesimamishwa kwenye makumbusho ya viumbe ya Berlin, urefu wake unapita mita 13 kwenda juu.

Jumatatu darasani sikusema lolote kati ya hayo. Niliandika ubaoni neno moja, Tendaguru, na jioni nikatuma voisi na ile meseji. Voisi ilikuwa hivi:

"Hodi hapo nyumbani. Ni Madam wa Historia, Kidato cha Kwanza. Leo sina cha kufundisha, nimekuja kuuliza. Wazee wetu, mmesikia nini kuhusu mjusi wa Tendaguru? Na aliyewaambia ni nani? Kama una simu ya kurekodi, nijibu kwa sauti. Kama huna, mtoto aandike sentensi tatu, aje nazo Jumatano. Usiku mwema."

Voisi tisa zilirudi. Tisa! Kwa mtu aliyewahi kutuma kurasa kumi na nne akajibiwa na kikombe cha chai, tisa ni mafuriko. Mzee mmoja alisema babu yake alikuwa akisimulia juu ya safari ya mizigo kwenda Lindi, watu wakilala njiani, na kwamba waliambiwa ni mawe tu. Mwingine alisema yule mjusi alikuwa hai na Wajerumani walimpiga risasi. Bibi mmoja alisema kwa mkato: "Mimi sikusikia kitu, ila mtoto asiache kufua sare." Nayo nikaipiga darasani, kwa sababu kutosikia nako ni taarifa.

Jumatano nilikuja na spika ndogo ya Bluetooth niliyoazima kwa mwalimu wa michezo. Niliwaomba ruhusa wazee kabla ya kuwapiga mbele ya watoto. Wote walikubali, mmoja alitaka atajwe kwa ukoo wake mzima. Kisha nikachora ubaoni safu tatu. Kila voisi ikiisha, watoto wanasema: huyu aliona, alisikia, au anadhani? Yule wa risasi alizua ubishi wa dakika kumi. Hapo ndipo nikatoa picha ya mifupa ya Berlin niliyokuwa nimeihifadhi kwenye kishikwambi, mojawapo ya vile vya Sensa ya 2022 ambavyo walimu tuligawiwa baadaye. Nikapitisha watano watano. Mfupa uliogeuka jiwe haupigwi risasi. Yule aliyekuwa akimtetea mzee wake akanyamaza, halafu akasema, "Lakini Madam, kama Babu aliambiwa na babu yake, na huyo aliambiwa na nani?" Nikamwambia ndiyo somo lenyewe, kaa chini.

Tulimaliza nje. Mtoto mmoja alishika ncha ya kamba mlangoni mwa darasa, mwingine akatembea nayo mita 13 akielekea kwenye mwembe. Kamba ilipita mwembe. Wakatazama juu, wakawa wanaisimamisha ile kamba kwa macho. Nikawapa na jina la kwenda nalo nyumbani: Boheti bin Amrani, msimamizi Mwafrika wa uchimbaji ule, ambaye majina ya mabwana wa Kijerumani yanapotajwa, lake huwa halitajwi. Jioni lilirudi majumbani kwa voisi ya sekunde arobaini.

Ukitaka kuiga, huhitaji mjusi. Kilwa wana magofu, Mikindani wana nyumba za kale, Newala wana historia ya kufuata maji mabondeni. Utaratibu ni ule ule: uliza kabla ya kufundisha, leta sauti za nyumbani darasani, zichambue, kisha rudisha jibu nyumbani. Mimi nilikuwa nadhani kazi ya WhatsApp ni kupeleka somo. Kumbe kubwa zaidi ni kuleta.

Facebook ya manila

Hii haitumii hata senti ya bando.

Majimaji, ile vita ya kuwapinga Wajerumani, ilianza kwetu, mkoa huu huu, kwa kung'oa pamba huko Nandete kwenye vilima vya Wamatumbi, Julai 1905. Nilikuwa nikiifundisha kwa tarehe na sababu saba, na watoto wanaikariri. Siku moja wakati wa mapumziko nikawasikia wavulana wakibishana nani "kamkomenti" nani kwenye Facebook ya kaka wa mmoja wao. Wanaujua mtandao ule kuliko wanavyoijua Majimaji, na akaunti hawana.

Nikachukua karatasi ya manila, nikachora ukurasa wa Facebook: duara la picha juu, jina, mahali anapoishi, kisha nafasi ya kuandika posti na mistari ya maoni chini yake. Kinjikitile Ngwale, Ngarambe: yule mganga aliyewaambia watu kwamba maji yake yatawakinga na risasi. Kundi la kwanza lilipewa kuandika posti yake. Sharti: isizidi mistari mitatu, na iwe kitu ambacho yeye angeweza kukisema mwaka ule. Makundi mengine yakapewa kuwa watoa maoni: mkulima aliyelazimishwa kulima pamba, akida wa Wajerumani, mke wa aliyekwenda vitani, mfanyabiashara wa Kilwa. Kila maoni lazima yawe na sababu moja iliyomo kitabuni.

Posti waliyoandika: "Maji yapo. Anayetaka aje Ngarambe. Usimwambie akida." Maoni ya kwanza kutoka kwa akida: "Nimeshaona." Darasa zima lilipasuka kicheko, na mimi nikapata mlango wa kuuliza: sasa mwaka 1905, bila Facebook, habari ilifikaje kutoka Ngarambe hadi Liwale, hadi Songea? Wazee wa Kimatumbi waliuita njwiywila, mnong'ono wa siri, mtu kwa mtu. Tukakaa nao huo mnong'ono nusu kipindi. Nani aliamini, kwa nini aliamini, na nini kilimpata aliyeamini. Kinjikitile alinyongwa Agosti 1905, vita vikaendelea bila yeye hadi 1907. Posti ilikuwa imeshasambaa.

Mambo ya kuangalia kama utaijaribu. Makundi yasizidi watu saba, maana manila moja ina nafasi ya mikono michache. Kataza matusi mapema na ukataze vichekesho vya kabila. Nilisahau mara ya kwanza, nikalazimika kuchana maoni mawili. Na manila zibaki ukutani wiki nzima na makapeni moja imefungwa kwa uzi, kwa sababu maoni bora yanaandikwa Alhamisi, mapumziko, wakati mwalimu hayupo. Zangu zimebandikwa nyuma ya darasa hadi leo.

Kuchambua kama korosho

Wiki ya mjusi ilizaa balaa dogo. Mwanafunzi alikuja na simu ya shangazi yake, kaificha kwenye begi, ndani kuna picha ya mifupa ya jitu lenye kichwa cha mtu, watu wanne wamesimama kwenye fuvu. Imeandikwa kwamba limefukuliwa Lindi na serikali inaficha. Nilitakiwa nimpeleke kwa mwalimu wa nidhamu kwa ile simu. Nilimpeleka, ila baada ya kipindi.

Nikaitumia pale pale. Kila mtoto wa huku ameshawahi kukaa na mama yake kuchambua korosho kabla ya kupeleka chama cha msingi: nzuri huku, zilizoliwa na wadudu kule, mbichi zirudi juani. Nikawaambia picha nayo ni hivyo hivyo. Tazama kwanza juu ya ujumbe. Kama kuna vile vishale viwili, ujue umeshapita mikononi mwa watu wengi na hakuna anayejua ulikotoka. Pili, nani ameipiga, lini, wapi? Tatu, niliifungua kwa Google Lens mbele yao, ikatuletea picha ile ile ikisemwa imefukuliwa nchi nyingine kabisa, tena zaidi ya moja. Jitu gani linafukuliwa kila mahali? Habari isiyo na chanzo tukaipa jina: kangomba. Kangomba huku ni ulanguzi wa korosho, zinauzwa kwa siri nje ya chama cha msingi. Sasa hivi mtu akija na habari ya ajabu ofisini, hata wenzangu wanamwuliza, "Hiyo si kangomba?"

Na wewe mwenyewe uwe wa kwanza kuchambua. Ukituma kitu cha uongo kwa namba ya shule, mzazi hataitofautisha tena voisi yako na zile za mikopo. Mimi nilishatuma mara moja tarehe ya likizo niliyoiona kwenye grupu la walimu, haikuwa ya kweli, wazazi watatu wakaja kuchukua watoto wao na mabegi. Sitaki kuikumbuka.

YouTube, stetasi, na visivyonisaidia

YouTube naitumia kwa kupakua tu. Nikienda Lindi mjini kwa shughuli zangu na mtandao ukiwa mzuri, napakua video mbili tatu ndani ya programu yenyewe, naja kuzionyesha bila intaneti. Dakika nne zinatosha; zaidi ya hapo walioko nyuma wanaanza kusukumana. Vitabu vya kiada vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, navyo navipakua siku hiyo hiyo.

Stetasi ya WhatsApp naiwekea swali la wiki. Wazazi vijana wanaitazama hata pale ambapo hawafungui ujumbe, sijui kwa nini, ila nimeshakubali. TikTok nimeiacha. Tulijaribu kurekodi igizo la shairi, sekunde sitini. Watoto walijifunza kucheza vizuri mno na shairi hawakulijua. Na sura za wanafunzi siweki mtandaoni popote, hata wakishinda, hata mzazi akiomba. Matokeo vilevile: ya mtoto yanakwenda kwa mzazi wake peke yake. Mwanafunzi akiniandikia moja kwa moja usiku, sijibu. Asubuhi namwita dirishani mwa ofisi ya walimu, tunaongea mbele ya watu.

Siku intaneti inapokufa

Mei 2024, baada tu ya mvua za Kimbunga Hidaya kutuharibia barabara, nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari nazo zikakatika, na Afrika Mashariki nzima ikawa inatambaa. Voisi zangu zilikaa na kile kisaa zikisubiri kwenda. Waliopata somo wiki ile ni wenye vitochi. Kwa hiyo kila swali lina nakala yake ya meseji na nakala yake ya ubaoni, Jumatatu, kabla halijapita popote pengine. Mtoto asiyefikiwa na simu ya mtu yeyote awe ameshaliona kwa macho yake.

Ijumaa nafungua kaunta buku, natia alama: jibu limekuja kwa voisi, kwa meseji, kwa karatasi, au halikuja. Asiyejibu mara mbili mfululizo, naenda kwao kwa bodaboda. Mara nyingi nakuta namba imebadilika tu. Ijumaa iliyopita safu ya wale wanane ilikuwa na alama saba. Wa nane aliingia kipindi cha mwisho, jirani yao amehamia shambani na simu yake, kwa hiyo swali alilichukua ubaoni na jibu ameliandika kwenye kipande cha boksi la dawa ya korosho, pande zote mbili, kwa sababu babu yake alikuwa na mengi ya kusema. Nililisahihisha hapo hapo. Sasa limebandikwa ukutani, chini ya Kinjikitile, na kuna mtu ameshaliandikia maoni.